Gesi Isiyonuka

Mgeni afikaye Kamakis jioni, akiwa ameiacha barabara kuu ya Thika na kushika ile ya Eastern Bypass, hupokewa na moshi kabla hajapokewa na mtu. Ni moshi wa mbuzi aliyebanikwa, wa mafuta yadondokayo juu ya makaa, nao hausitiri nafsi yake: huonekana kwa macho, hunusika kutoka mbali, huingia katika nguo na kumfuata mtu hadi nyumbani kwake Ruiru au Thika, akaulizwa alikokuwa na asiweze kukana. Akishaketi, mhudumu humjia na swali ambalo katika nchi hii limekuwa kama salamu: "Baridi au moto?" Ajabu ya lugha ni kwamba kinywaji kiitwacho moto hakikupata kuwekwa mekoni hata dakika moja, kimeitwa hivyo kwa sababu tu hakikutiwa ndani ya lile jokofu la kioo lingurumalo nyuma ya kaunta. Kamakis, basi, hutoa hewa mbili. Ya kwanza ni moshi, na kila mtu anaujua. Ya pili hutoka nyuma ya jokofu, nadra na kidogo kidogo, haina rangi wala harufu, na tarikhi yake ndiyo niliyoikusudia hapa.

Kilichonitia hamu ya kuiandika ni jambo dogo. Mchana mmoja wa siku ya kazi, meza nyingi zikiwa tupu, nilikuta jokofu moja la pale limeacha kupoza na fundi ameitwa. Alikuwa kijana mwenye adabu na mkono mwepesi; akalivuta jokofu kutoka ukutani, akachuchumaa, akafungua kizibo cha mrija, na mabaki ya gesi ya zamani yakatoka kwa mlio mrefu kama wa nyoka aliyekanyagwa mkia. Nikamwuliza inakwenda wapi. "Hiyo ni gesi tu, mzee wangu," akanijibu bila kuinua kichwa, "itaenda na upepo." Sikuona la kumlaumu, kwa maana alilosema ni kweli tupu, na watu wenye elimu kubwa kuliko yake na yangu waliridhika na jawabu hilo hilo kwa muda wa miaka 44.

Hikima ya kupoza ni ya kale kuliko umeme. Watu wa pwani, tangu enzi za mababu, walitia maji ya kunywa katika mtungi wa udongo, wakauweka kivulini penye upepo, na maji yakawa baridi. Na sababu yake ni kwamba udongo hupenyeza unyevu kidogo hadi kwenye ngozi ya mtungi, na unyevu huo, ili ugeuke mvuke, hauna budi kupata joto, na joto lenyewe haulipati ila kwa kuyanyang'anya maji yaliyobaki ndani. Anyunyiziwaye marashi kiganjani huhisi ubaridi kabla ya harufu kwa sababu iyo hiyo. Jokofu ni mtungi ulionyimwa ruhusa ya kupoteza mvuke wake. Badala ya maji, ndani yake huzunguka kiowevu kichemkacho katika baridi kali, ambacho hupita katika mirija iliyomo sandukuni, kikachemka humo na kuzinyang'anya joto nyama na chupa, kisha kompresa ikauvuta mvuke wake, ikaukandamiza hadi ukapata moto, na kuusukuma katika mirija ya nyuma ambako joto lile hutupwa chumbani na mvuke kurudia hali yake ya kiowevu, tayari kuanza upya. Ndiyo maana paka wa hotelini hupenda kulala nyuma ya jokofu.

Kazi yote, kwa hiyo, ilikuwa katika kumchagua msafiri wa kuzunguka humo mirijani. Waliotangulia, katika karne ya 19 na mwanzo wa ile ya 20, walichukua walivyovipata: amonia, dioksidi ya salfa, kloridi ya methili. Vilipoza vyema, ila viliua. Amonia ilichoma macho na koo, lakini angalau ilimtangazia mtu shari yake, akapata kukimbia. Kloridi ya methili ilikuwa na harufu hafifu yenye utamu, na aliyekuwa amelala hakuamka. Katika miaka ya 1920 habari za jamaa nzima kufa usiku kwa mrija uliopasuka jikoni hazikuwa ngeni huko Ulaya na Marekani, hata Albert Einstein, akishirikiana na Leo Szilard, akajishughulisha kubuni jokofu lisilo na pampu yenye viungo vya kuvuja, na wakapewa hataza kadhaa kwa kazi hiyo. Lakini soko halikumngoja Einstein.

Mwaka 1928 kampuni ya General Motors, iliyokuwa mwenye majokofu ya Frigidaire, ilimkabidhi Thomas Midgley kazi ya kutafuta gesi isiyoua wala kuwaka. Midgley alikuwa mhandisi mwenye kipaji cha kutisha, ambaye miaka michache kabla ya hapo alikuwa ametia risasi katika petroli ili injini zisigonge, na risasi hiyo ikaingia katika damu ya watoto wa mijini duniani kote kwa vizazi viwili na zaidi. Yeye na wenzake, Albert Henne na Robert McNary, waliifuata njia iliyofunguliwa na Mbelgiji Frédéric Swarts katika miaka ya 1890, wakaunganisha kaboni, klorini na florini, wakapata gesi ambayo wauzaji waliipa jina la Freon, na mafundi, ambao hupenda hesabu kuliko majina, wakaijua kama R-12. Mnamo Aprili 1930, mbele ya mkutano wa wanakemia mjini Atlanta, Midgley aliivuta gesi hiyo kifuani mwake, akaishika kidogo, kisha akaipulizia mshumaa uliokuwa ukiwaka, ukazimika. Kwa pumzi moja alikuwa amethibitisha mambo mawili, kwamba haiui na kwamba haiwaki, na waliokuwapo hawakuwa na swali la tatu. Midgley mwenyewe aliugua polio mwaka 1940, akabuni kamba na kapi za kumwinulia mwili kutoka kitandani, na mwaka 1944 akakutwa amenyongwa na kamba hizo.

Inafaa tukae kidogo juu ya fadhila ya gesi hiyo, kwa sababu madhara yake yote yamo ndani ya fadhila hiyo hiyo. Kifungo baina ya kaboni na florini ni miongoni mwa vifungo vikali sana katika elimu ya kemia, na kiumbe kilichojengwa kwa vifungo vya namna hiyo hakiingiliani na kitu: hakili chuma cha mirija, hakiyeyuki katika mvua, hakiliwi na vijidudu vya udongo, hakichoki. Kilicho kimya namna hiyo jikoni hakina sababu ya kusema huko nje. Moshi wa Kamakis huanguka na mvua ya kwanza. Harufu ya marashi hufa katika saa chache kwa kuliwa na hewa yenyewe. Bali R-12 iliyotoka mrijani ina umri wa miaka mia hivi, zaidi ya umri wa fundi aliyeitoa, na wa mwanawe, na pengine wa mjukuu wake.

Wakati wa vita vikuu vya pili askari wa Marekani walipewa mikebe ya kupuliza dawa ya mbu, iliyosukumwa na gesi hiyo hiyo, na baada ya vita mkebe huo ukaacha ujeshi ukawa wa bafuni: manukato, dawa ya nywele, rangi, vyote vikapulizwa kwa pumzi ya klorofluorokaboni, ndiyo jamii ya R-12. Ikatiwa katika povu la magodoro na la kuta za majokofu. Kwetu Afrika Mashariki ilifika kwa kiasi kidogo, kwa kuwa umeme wenyewe ulikuwa wa wachache, na vituo vingi vya mashambani vilitumia majokofu ya mafuta ya taa, ambayo ndani yake huzunguka amonia na maji. Kwa bahati hiyo maskini hakuwa na sehemu katika dhambi, kama ambavyo hakuwa na sehemu katika starehe.

Aliyekuwa wa kwanza kuuliza gesi inakwenda wapi hakuuliza kwa khofu bali kwa udadisi. Mwingereza James Lovelock alikuwa amebuni mwaka 1957 chombo kidogo, kinachotosha kushikwa mkononi, chenye uwezo wa kutambua chembe haba mno za gesi zenye klorini, na kati ya mwaka 1971 na 1972 akakipakia katika meli ya utafiti Shackleton iliyokuwa ikielekea Antaktika, akapima hewa njiani kutoka kaskazini hadi kusini ya dunia. Kila alipopima alikuta gesi ya jamii hiyo, hata katikati ya bahari ambako hapakuwa na jokofu wala mkebe wa manukato: sehemu hamsini hivi katika kila sehemu trilioni. Alichapisha habari hiyo mwaka 1973 na kuongeza, kwa maneno aliyoyajutia baadaye, kwamba haikuwa na hatari yoyote.

F. Sherwood Rowland, mwalimu wa kemia katika Chuo Kikuu cha California pale Irvine, alipozisikia hesabu za Lovelock alitanabahi jambo moja: jumla ya gesi iliyomo angani ilikuwa karibu sawa na jumla ya yote iliyopata kutengenezwa tangu siku ya mshumaa wa Midgley. Maana yake ni kwamba hapakuwa na iliyokufa. Alimpa swali hilo kijana aliyetoka Mexico, Mario Molina, naye akaanza kuipita milango yote ambayo kwayo gesi huondoka duniani, mvua, bahari, udongo, mwanga wa kawaida wa jua, akaikuta imefungwa mmoja baada ya mmoja, mpaka akabakiwa na mlango wa juu.

Hapa ndipo tarikhi ya gesi inapotugusa sisi wa ikweta, na ni jambo ambalo sijaona likisimuliwa vya kutosha kwa lugha yetu. R-12 ni nzito kuliko hewa mara nne, na walioikana habari hii walikuwa wakisema kwamba kitu kizito hakiwezi kupanda. Lakini hewa ya chini ya anga si maziwa yaliyotulia katika kibuyu, ni chungu kinachokorogwa usiku na mchana, na gesi iliyotoka London au Chicago huenea katika nusu yake ya dunia kwa wiki kadhaa na kuvuka kwenda nusu ya pili katika muda wa mwaka mmoja hivi, wala uzito wake hauizuii, kama uzito usivyozizuia vumbi na chumvi kusafiri na pepo za kusi na kaskazi. Lakini kutoka anga hii ya chini kuingia ile ya juu, mahali pa kupandia si popote. Mlango mkuu uko juu ya ukanda wa ikweta, ambako joto huinua mawingu ya mvua hadi kimo cha kilomita 16 au 17, na kutoka hapo hewa hupanda polepole mno, kama ngazi ya mnara, kuingia katika tabaka la ozoni. Kamakis iko chini ya ikweta kwa daraja moja na kidogo. Gesi ya Ulaya na Marekani, basi, ilipokuwa ikienda juu, ilipita zaidi juu ya vichwa vyetu, watu ambao wengi wetu hatukupata kunywa kitu baridi.

Huko juu, kwenye kilomita 25 na zaidi, hukutana na mionzi ya urujuanimno isiyofika ardhini, mikali kiasi cha kukikata kile kifungo cha klorini ambacho chini hakikukatwa na chochote. Atomu ya klorini iliyofunguliwa huipokonya ozoni oksijeni moja, kisha huipoteza na kurudi kuwa huru, ikapokonya tena. Kwa hesabu ya Molina na Rowland, atomu moja huweza kuangamiza ozoni zipatazo laki moja kabla ya kunaswa. Na ozoni yenyewe, ngao inayoizuia mionzi hiyo, ni kidogo: lau ingeshushwa yote hadi usawa wa bahari, ingekuwa ngozi ya unene wa milimita tatu, na juu ya Kenya ni pungufu ya hapo. Walichapisha hesabu hiyo mwezi Juni 1974. Ndiyo ile miaka 44 niliyoitaja.

Viwanda vilikanusha, kama ilivyo desturi. Marekani ilipiga marufuku mikebe mingi ya kupuliza mwaka 1978, na wengi wakadhani jambo limekwisha. Kisha mwezi Mei 1985 Waingereza watatu, Joe Farman, Brian Gardiner na Jonathan Shanklin, waliokuwa wakiipima anga ya kituo cha Halley huko Antaktika kwa chombo cha zamani ambacho wenzao wengi walikiona kimepitwa na wakati, walitangaza kwamba kila Oktoba ozoni ilikuwa ikipungua hadi chini ya thuluthi mbili ya ilivyokuwa. Setilaiti za Marekani zilikuwa zimeliona jambo hilo, ila vipimo vya chini kiasi hicho vilikuwa vimewekewa alama ya kutiliwa shaka, vikangoja. Baadaye Susan Solomon na wenzake walieleza kwa nini upungufu huo, uliokuja kuitwa tundu la ozoni, umetokea kusini, mbali na mlango wa kupandia: hewa iliyopanda kwetu husafiri kwa miaka kadhaa kuelekea ncha za dunia, ikibeba klorini iliyonaswa katika hali ya utulivu, na katika giza la majira ya baridi ya kusini, ambako baridi hupita daraja 78 chini ya sifuri, huzuka mawingu ya barafu ambayo juu ya chembe zake klorini hufunguliwa vifungo, ikingoja tu jua la kwanza la masika ili ianze kazi.

Mwaka ule ule wa 1985, ikiwa msomaji wa Ruiru atanivumilia, kituo cha utafiti wa kahawa kilichopo mjini mwake kilitoa mbegu ya Ruiru 11, ambayo jina lake limefika hata katika nchi zisizoijua Ruiru yenyewe. Wakulima wa hapo walikuwa na khabari zao kubwa. Nakitaja kisa hicho kwa sababu mashamba ya kahawa ndiyo yaliyokuwa yametanda katika pande hizo kabla ya plot na baa, na kwa sababu safari fupi ya gari kutoka kahawa hiyo, katika kitongoji cha Gigiri, kulikuwa na afisi ambayo mkuu wake alikuwa hapati usingizi kwa ajili ya gesi tunayoisimulia.

Umoja wa Mataifa ulipounda shirika lake la mazingira mwaka 1972, uliliweka Nairobi, la kwanza la daraja hiyo kuwekwa katika nchi changa, na wako waliosema mambo makubwa hayatatendeka mbali na Geneva na New York. Mustafa Tolba, Mmisri aliyekuwa mwanachuoni wa elimu ya mimea, alilishika shirika hilo kutoka miaka ya katikati ya 1970 hadi 1992, na katika yote aliyoyatenda hakuna lililomtoa jasho kama ozoni. Mwaka 1977, ilhali wataalamu wenyewe hawajapatana, shirika lake liliwakusanya Washington kutunga mpango wa dunia wa kulichunguza tabaka hilo. Mwezi Machi 1985, kabla tundu halijatangazwa, ukapatikana mkataba wa Vienna uliokuwa na maneno mengi na amri chache. Na tarehe 16 Septemba 1987, mjini Montreal, baada ya Tolba kuwaita wakuu wa wajumbe faraghani mara baada ya mara, akiwabembeleza na kuwatisha kwa zamu, mataifa 24 pamoja na jumuiya ya Ulaya yaliutia sahihi mkataba wa kuzipunguza gesi hizo. Kenya ilikuwa mojawapo siku hiyo hiyo, ikauridhia mkataba mwaka uliofuata, nao ukaanza kutumika tarehe 1 Januari 1989. Afisi ya kuutunza imekaa Gigiri hata leo.

Katika mkataba huo mimi huona kifungu kimoja kuwa bora kuliko vyote, nacho ni kile kilichokiri kwamba waliochafua si sawa na wasiochafua. Nchi changa zilizotumia chini ya kilo 0.3 za gesi hizo kwa kila mtu kwa mwaka zilipewa muhula wa miaka kumi zaidi, na mwaka 1990 huko London ukaundwa mfuko wa fedha za kuzisaidia kubadili mitambo. Mwaka uliofuata, Juni 1991, mkutano wa tatu wa mataifa ya mkataba ulifanyika Nairobi. Tarehe 1 Januari 2010 ikawa mwisho wa klorofluorokaboni duniani, isipokuwa kwa dharura chache. Kenya ilitunga kanuni zake mwaka 2007 chini ya sheria ya mazingira, kwa hiyo kuziingiza gesi hizo nchini bila leseni kukawa hatia. Na wakulima wa maua wakalazimika kuiacha methili bromidi, ambayo waliifukizia udongo kuua minyoo na kuvu, na ambayo bromini yake huila ozoni kwa ukali kuliko klorini. Kisa cha maua kingehitaji makala yake.

Majokofu, hata hivyo, hayakuzimwa, yalibadilishiwa gesi. Kwanza ikatumika R-22, hasa katika viyoyozi na vyumba vya baridi, ambayo ina hidrojeni moja, na hiyo ni kama kilema chake. Kilema hicho ni tundu la kuingilia adui. Angani mwetu kuna kiumbe kiitwacho haidroksili, kizaliwacho kwa jua na ozoni na mvuke wa maji, kisichoishi hata sekunde moja, na ambacho kazi yake, kana kwamba kimeajiriwa, ni kuivamia kila gesi yenye hidrojeni na kuanza kuivunja. R-22 hufa mikononi mwake katika miaka 12 hivi, nyingi kabla ya kufika juu. Kisha ikaja R-134a isiyo na klorini kabisa, isiyo na ugomvi na ozoni, umri wake miaka 13 au 14. Na kwa kuwa jua kali na unyevu mwingi viko kwetu, haidroksili nayo ni nyingi zaidi katika anga ya ukanda wetu. Hivyo mahali palipokuwa mlango wa gesi ya kwanza pamekuwa kaburi la hizi za baadaye. Ile iliyokuwa ikilia kama nyoka mbele yangu ilikuwa R-134a. Fundi alikuwa na haki zaidi ya alivyojua.

Lakini si haki yote. Katika miaka hiyo michache ya uhai wake gesi hii hukaa kama blanketi juu ya ardhi: kilo moja ya R-134a huzuia joto kadiri ya kilo 1,400 za kaboni dioksidi kwa kipimo cha miaka mia. Kwa sababu hiyo mataifa yalikutana Kigali, na alfajiri ya tarehe 15 Oktoba 2016, baada ya usiku wa mabishano, yakakubaliana kuzipunguza gesi za jamii hiyo, nchi zilizotajirika kwanza, sisi tukianza kwa kusimamisha ongezeko mwaka 2024. Na kuna jambo jingine, dogo kwa sasa. R-134a ikivunjwa, sehemu yake, na karibu yote ya ile gesi mpya ya viyoyozi vya magari, huishia kuwa asidi ya trifluoroasetiki, isiyojua kuoza, ambayo huyeyuka katika mawingu na kushuka na mvua. Mvua ya Ruiru hushuka katika mto Ruiru, nao huingia Athi, na Athi ikabadili jina kuwa Galana, kisha Sabaki, ikamwaga maji yake mekundu baharini karibu na Malindi. Ile ya Thika hufuata Tana hadi upande wa Kipini. Palipo na njia ya kutokea asidi hiyo itafika bahari kuu na kupotea katika wingi wa maji. Katika ziwa lisilo na mto wa kutokea, jua huchukua maji na kuiacha asidi, msimu baada ya msimu. Kipimo chake duniani bado ni kidogo, ila kinapanda. Kifungo kile kile cha kaboni na florini, ambacho Midgley alikiona neema, kingalipo. Kimehama tu kutoka angani kwenda majini.

Wakati huo huo habari za juu ni njema. Kila wiki, tangu mwaka 1996, watu wa idara ya hali ya hewa pale Dagoretti Corner, kwa ushirikiano na Waswisi, hurusha puto lenye kifaa cha kupimia ozoni, likapanda kupita mawingu hadi likapasuka. Na katika mteremko wa Mlima Kenya, kwenye kimo cha mita 3,678, kituo kilichofunguliwa mwaka 1999 huionja hewa ambayo haijaguswa na miji. Klorini ya angani inapungua. Wataalamu waliokusanya vipimo vya dunia mwaka 2022 walikadiria kwamba tabaka litarudi lilivyokuwa mwaka 1980 ifikapo 2040 katika sehemu nyingi, na juu ya Antaktika ifikapo 2066.

Nilipopita tena Kamakis, mwenye baa alikuwa amechoka na kutengeneza, amenunua jokofu jipya, na kijana yule yule alikuwa ameitwa kurekebisha kiungo kilicholegea safarini. Nyuma ya jokofu hilo palibandikwa alama ya pembetatu ya manjano yenye mwali wa moto, na chini yake R-600a. Hiyo ni isobutani, nduguye gesi ya kupikia. Wajerumani waliirudisha katika majokofu ya nyumbani mwaka 1993, huishi siku chache tu angani, haina klorini wala florini, joto inalozuia ni dogo mno, na kiasi kidogo tu hutosha. Ila huwaka. Kile alichokikimbia Midgley kwa pumzi na mshumaa kimerudi mlangoni, safari hii hatua nne kutoka jiko la makaa.

"Hili haliwezi kukaa hapa, boss," fundi akamwambia mwenye baa. Mwenye baa akalalamika kwamba likisogezwa wateja watakuwa mbali na baridi, na baridi ndiyo biashara. Wakabishana kwa upole. Kisha tukalisukuma wote watatu hadi upande wa dirisha, moshi wa mbuzi ukitupita na kutoka nje. Fundi akakaza kiungo, akakoroga sabuni ya unga katika kikopo, akapaka povu kuzunguka shaba kwa brashi ya rangi, na tukainama kutazama kama litatoa kiputo.